Dogo Anaipenda Historia, Wao Wanataka Aikariri



Kuna dogo mmoja mtaani kwetu hapa Segerea, yuko kidato cha tatu, ana ugonjwa wa historia. Wenzake wanabishana Simba na Yanga, yeye anasoma hadi kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Juzi kanifuata kijiweni: "Bro, eti Zuberi Mtemvu ni nani?" Alimuuliza mwalimu wake, akajibiwa hilo halitoki kwenye mtihani.

Halitoki kwenye mtihani! Haya, tumjibu sisi.

Mtemvu alikuwa mwana TANU. Mwaka 1958 mkutano wa Tabora ulikubali kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mtemvu akagoma, akatoka, akaanzisha chama chake, African National Congress. Novemba 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Mwalimu Nyerere. Akapata kura 21,276, Mwalimu akapata zaidi ya milioni 1.1. Alichapwa vibaya, hatufichi. Na kwenye hiyo kura tatu, mimi binafsi naona Mwalimu aliona mbali kuliko yeye. Lakini uchaguzi wa kwanza kabisa wa urais nchi hii ulikuwa na mpinzani! Sasa wale wanaopanda jukwaani kutuambia upinzani ni kitu cha kuletewa na wazungu, wanamdanganya nani?

Mwaka huohuo 1962 ikapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. 1965 vyama vingine vikapigwa marufuku kisheria. Ikawa kimya mpaka Tume ya Nyalali, iliyoundwa 1991. Wengi waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, na wenzetu wa kijani hawachoki kutukumbusha hilo. Wanachosahau kusema ni kwamba tume hiyohiyo ilitaja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa.

Au chukua Bibi Titi Mohamed. Dogo akishuka Posta anaikuta barabara yenye jina lake. Mama aliyewatoa wanawake majumbani wakaijaza TANU, baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Kibao cha barabara hakisemi hayo.

Mwishoni mwa 2020 Rais Magufuli aliagiza historia ya nchi ifundishwe ili vijana wawe wazalendo. Mtaala ulioanza 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo tunaliunga mkono, tusilishwe maneno. Swali letu ni hilo neno la pili. Maadili ya nani? Kama maana yake ni dogo kushukuru na kunyamaza, basi hiyo siyo historia bana, ni gwaride. Mzalendo anayejua nusu ya habari za nchi yake ni mzalendo wa nusu.

Dogo mwenyewe haishi mbali na Gereza la Segerea. Mle ndani Freeman Mbowe na Ester Matiko walikaa mahabusu kuanzia Novemba 2018, walipofutiwa dhamana, hadi Machi 2019. Hilo nalo ni historia, na halihitaji nauli kulifuata. Akiuliza shuleni ataambiwa nini?

Jumamosi hii tunakaa kijiweni baada ya saa kumi. Mwenye nakala ya ripoti ya Nyalali aje nayo, hata kama imechanika. Dogo ameshasema anataka kuzisoma zile sheria 40 moja moja, na madaftari kanunua mawili.