Gesi Haiishi, Huvuja



Msimu wa kaskazi umeingia, na joto lake sisi watu wa pwani hatuhitaji kusimuliwa. Ndipo wenye magari wanapowasha kiyoyozi, na badala ya baridi hutoka hewa ya vuguvugu. Gari hupelekwa kwa fundi, naye hutamka maneno mawili: "Gesi imeisha." Hutia nyingine, hupokea pesa zake, na mambo huwa mema kwa wiki tatu. Kisha joto hurejea, na gari hurudi palepale. Kina mama wengi wanaowapeleka watoto skuli na chuoni wanayajua mazunguko haya. Natulitazame jambo hili leo, kwani ndani yake mna elimu ya chombo na mna hukumu ya mali.

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuwa unyevu unaojipenyeza nje hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Kiyoyozi hufuata kanuni hiyo hiyo. Kompresa huikandamiza gesi na kuisukuma hadi kwenye kondensa, kile chombo chenye mapezi membamba kilicho mbele ya rejeta. Huko gesi hutoa joto lake na kuwa maji. Maji hayo hupita katika tundu jembamba, huingia katika koili iliyo nyuma ya dashibodi, na huko hugeuka gesi tena kwa kunyonya joto la hewa inayotujia. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa kuanza safari upya.

Tofauti ni hii: mvuke wa mtungi huenda zake, ilhali gesi ya kiyoyozi imefungiwa ndani. Hailiki kama petroli. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi hupenya kidogo kidogo katika mipira na viungo. Lakini gesi iliyojazwa mwezi jana ikawa leo haipo, hiyo haikuisha. Imevuja, na mahali ilipovujia papo.

Wala si kila hewa ya joto ni upungufu wa gesi. Gari likitoa baridi linapokwenda, na joto linaposimama katika foleni ya feri ya Likoni, itazamwe kwanza feni ya mbele, na kondensa isiwe imezibwa na vumbi. Hewa ikiwa baridi lakini inatoka kwa unyonge, huenda filta ya hewa ya ndani imejaa uchafu. Katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Kompresa isipozunguka kabisa, fyuzi na nyaya zikaguliwe, kisha kipimwe kiasi cha gesi. Na matone ya maji safi chini ya gari yasimtishe mtu: huo ni unyevu wa hewa uliopoa, si kuvuja kwa gesi.

Fundi mwenye kuijua kazi yake hutafuta tundu kabla ya kujaza. Hutazama alama za mafuta kwenye viungo, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na hutoka nayo. Hupaka povu la sabuni, au hutia rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. Kondensa huichunguza sana, maana chumvi ya hewa ya bahari hula madini yake. Akishaziba au kubadilisha kilichoharibika, huifyonza hewa na unyevu wote kwa pampu, hungoja aone kama mfumo unashika, ndipo atie gesi kwa kipimo kilichoandikwa chini ya boneti. Ikizidi kipimo nayo huleta joto. Aina pia izingatiwe: magari mengi yetu hutumia R-134a, na baadhi ya mapya R-1234yf, hazichanganywi. Gesi ya kupikia isitiwe kamwe, kwani hushika moto, na walio ndani ya gari ni watoto wako.

Sasa tuje kwenye hukumu. Ijara katika sheria yetu hutaka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Basi mama, kabla ya kuacha ufunguo, uliza: "Nalipia kujaza gesi, au kutafuta inapovujia?" Hizo ni kazi mbili na bei mbili. Fundi akikueleza kuwa pana tundu, nawe ukachagua kujaza tu kwa kuwa mkono umekaza, usimlaumu baadaye. Lakini akijua pana tundu akanyamaza ili urudi tena, amekula asichostahiki.

Na lipo linalofichika zaidi. Mtu anauza gari, anajua kiyoyozi chake huvuja, anatia gesi jioni ili mnunuzi akija asubuhi akute baridi. Huyu atafakari kisa cha muuza nafaka katika soko la Madina, aliyeweka nafaka kavu juu na iliyolowa chini, hadi Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake ndani ya fungu akaigusa rutuba na kumkemea. Baridi ya siku moja ni nafaka kavu ya juu. Mafaqihi wamempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kwa aibu iliyofichwa. Kuitaja aibu hupunguza bei, lakini huibakisha baraka.

Kwa matunzo, kiwashwe walau dakika kumi kila wiki, hata katika miezi ya baridi, ili mafuta yafikie mipira isikauke. Gari likiwa limekaa juani, fungua madirisha kwanza joto litoke. Viungo vya gesi usivilegeze mwenyewe, kwani gesi hiyo hutoka kwa kishindo na huunguza ngozi kwa baridi. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa kitambo kidogo, hata kama kiyoyozi kinafanya kazi. Joto halingoji mzazi amalize kununua mkate.

Mwenyezi Mungu awape mafundi wetu ukweli wa ndimi, na awape wauzaji na wanunuzi uadilifu. Wabillahi tawfiq.