Sindano Ijifichayo

Mgonjwa aingiapo zahanati, iwe Dongobesh au Bassotu, huuliza kama dawa ipo. Ni nadra kuuliza itaingia mwilini mwake kwa bomba la namna gani. Leo twataka kusema juu ya bomba, maana yumo mgonjwa katika habari hiyo, na yumo mfanyakazi pia.

Bomba la kawaida la plastiki hukusudiwa kutumiwa mara moja, lakini hakuna kitu ndani yake kimzuiacho mtu kulirudia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2010 sindano zisizo salama ziliwaambukiza watu hadi milioni 1.7 homa ya ini ya aina ya B, na hadi 33,800 virusi vya UKIMWI. Mwaka 2014, katika kijiji cha Roka huko Kambodia, zaidi ya watu 200 walikutwa na virusi hivyo. Aliyewatibu hakuwa na leseni, naye alikuwa akirudia sindano.

Bomba jipya limeundwa hivi. Sindano imeshikwa na pete ndogo, na kandokando yake imebanwa springi. Mwuguzi hudunga na kusukuma dawa kama ilivyo desturi. Kijiti cha kusukumia kifikapo mwisho kabisa, pete huachia, nayo springi huivuta sindano kutoka mwilini na kuiingiza ndani ya kijiti, ambacho kina uwazi. Kufumba na kufumbua, hakuna ncha tena, wala bomba halitumiki tena. Lakini kijiti kisiposukumwa hadi mwisho, sindano hubaki nje. Kwa hiyo bomba bila mafunzo ni fedha iliyopotea.

Wako watakaosema kwamba yapo tayari mabomba ya chanjo, yajifungayo yenyewe baada ya kutumiwa. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini kati ya sindano 100 zidungwazo duniani, za chanjo ni kama 5 tu. Tena bomba lile likiisha kujifunga, ncha yake ingali wazi. Yamngoja mwuguzi aliyekesha zamu, na baada yake mfagizi achukuaye taka, ambaye hajui ncha hiyo imetoka mwilini mwa nani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa katika Mbulu na Hanang watu wenye virusi vya UKIMWI walikuwa wapatao 2 tu kwa kila 100. Asitulie mtu kwa hesabu hiyo. Achomwaye na sindano yenye virusi hivyo, hatari yake ni kama 3 katika 1,000. Lakini ikiwa ni ya homa ya ini ya aina ya B, naye hakuchanjwa, yaweza kufika 30 katika 100.

Twajua kikwazo ni bei. Mwaka 2015 bomba la kawaida lililonunuliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa lilikuwa senti 3 au 4 za dola, na la usalama angalau mara mbili yake. Mwaka huohuo Shirika la Afya liliyataka mataifa yote yahamie mabomba ya usalama ifikapo 2020. Mwaka huo umekwisha kupita.

Halmashauri za Mbulu na Hanang zipangapo bajeti ya dawa, ziagize mabomba haya kwanza kwa wodi za wazazi na vyumba vya dharura, ambako haraka ni nyingi na damu ni nyingi. Na mfagizi achanjwe homa ya ini pamoja na daktari, siku moja.