UCHAMBUZI: Meli ya Ngomeni ilindwe kabla ya kufunguliwa watalii

MABAKI ya meli ya Wareno yaliyoko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, yamelala mita sita tu chini ya maji. Mpiga mbizi mwenye mtungi mmoja wa hewa anaweza kukaa hapo kwa muda mrefu, maji yakiwa na joto na mwanga wa jua ukimfikia. Hata kijana asiye na mtungi anaweza kushuka na kuzigusa mbao zake. Wepesi huo ndio unaoipa meli hiyo thamani ya kiutalii, na ndio pia unaoiweka hatarini.

Wataalamu walipata habari zake mwaka wa 2013, pale mvuvi wa eneo hilo alipomdokezea mwanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Caesar Bita. Miongoni mwa vitu vilivyoopolewa ni mikuo ya shaba na pembe za ndovu. Mnamo 2024, Bita na Filipe Castro wa Chuo Kikuu cha Coimbra, Ureno, walieleza kuwa huenda hiyo ni São Jorge, iliyozama mwaka wa 1524 ikiwa katika msafara wa mwisho wa Vasco da Gama. Dai hilo lingali linahitaji ushahidi zaidi. Ushahidi wenyewe umo mchangani, na kila kipande kinachochukuliwa kwenda kuuzwa au kupamba sebule ni ukurasa uliochanwa.

Kenya si mgeni katika suala hili. Meli Santo António de Tanná ilizama 1697 mbele ya Fort Jesus, kisiwani Mombasa, ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa na majeshi ya Oman. Wanaakiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Vyombo vilipelekwa kwenye makavazi, lakini kiunzi cha meli kiliachwa chini ya bahari. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mbao zilizolowa kwa karne nyingi huharibika zikikauka ovyo, na kuzitibu huchukua miaka na fedha nyingi. Zikifunikwa na mchanga, wadudu wanaotoboa mbao hawazifikii kwa urahisi.

Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu turathi za chini ya maji unafuata msimamo uo huo: mabaki yaachwe yalipo kwanza, wala yasifanywe bidhaa. Hata hivyo, mkataba huo hauwafungii watu mlango, kwani unahimiza umma uruhusiwe kutazama bila kuharibu.

Kwa hivyo, suala si kama watalii waende Ngomeni au wasiende, bali ni nini kitangulie. Wanaotaka meli ya kuzungukwa na samaki wanayo MV Dania, iliyozamishwa makusudi pwani ya Mombasa mwaka wa 2002. Hiyo iko kwenye kina kirefu na haina siri ya karne tano. Ya Ngomeni inahitaji kupimwa, kuchorwa na kuorodheshwa kabla ya nanga ya mashua ya watalii kuteremshwa karibu nayo.

Jambo la pili ni wavuvi. Watafiti huja na kuondoka, nao watalii hupungua upepo wa kusi unapochafua bahari. Anayebaki kuitazama meli mwaka mzima ni mvuvi. Iwapo atanyimwa eneo lake la kuvua kisha ada za watalii ziishie mjini, hatakuwa na sababu ya kumzuia mwizi. Vijana wa Ngomeni wafunzwe upigaji mbizi, na sehemu ya mapato itengewe kijiji kwa mkataba ulioandikwa.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Ngomeni lazima lifunguliwe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.