Jeddah hadi Madina: Ndege au Treni?

Ndugu mmoja wa Kirumba aliniuliza baada ya Isha: mama yake, mgonjwa wa magoti, atoke Jeddah kwenda Madina kwa ndege au treni? Kwa anga ni kilomita 320 hivi, haifiki nusu ya njia ya Mwanza na Dar es Salaam. Takriban saa moja. Lakini kusubiri na kupanga foleni hakuandikwi katika tiketi, nako ndiko huumiza magoti. Treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, ina kituo uwanjani hapo hapo Jeddah. Nikamshauri treni. Mama mwenyewe alihofia zaidi kuhirimia angani. Nilimweleza kwamba wanaoanzia Madina huhirimia Dhul-Hulayfa, nchi kavu. Hapo akatabasamu.