Mlima Nemrut kwa Msafiri wa Siku Chache
Msafiri aliyekwisha kuzigawa siku zake za Uturuki kati ya Istanbul na Kapadokia hujidanganya akiuhesabu Mlima Nemrut kuwa kituo cha njiani, kwa kuwa hekalu-kaburi la Antiochus wa Kwanza, mfalme wa Commagene, dola ndogo ya karne ya 1 kabla ya Kristo, liko kusini-mashariki mwa nchi, kwenye kilele kinachozidi mita 2,100. Ni afadhali aruke hadi Adıyaman, alale Kahta, kisha apande kabla ya mapambazuko, ingawa upande wa mashariki husifiwa kupita kiasi: huko miili ya sanamu za miungu ingali imeketi, bali vichwa vilivyohifadhika vizuri zaidi viko magharibi, nyuma ya tumulasi, yaani kilima cha kokoto ambacho chumba chake cha maziko hakijapatikana. Majira ya baridi, theluji huifunga barabara.