Mgonjwa Halalamiki kwa Kiingereza

Mtu akiumwa hurudi kwa mama yake. Hata awe msomi wa kiwango gani, hata awe amezunguka dunia nzima, siku homa inapompanda hulalamika kwa lugha aliyolelewa nayo. Kila muuguzi wa nchi hii analijua jambo hilo, na kila mtunga mitihani analijua pia. Hata hivyo tunamchukua kijana aliyesomea kazi ya kuwasikiliza wagonjwa hao, tunamkalisha mbele ya karatasi, na tunamwuliza kila kitu kwa lugha ambayo wengi wa wagonjwa wake hawataitamka maishani mwao. Mimi nasema jambo hilo halifai, na nitaeleza kwa nini.

Nisieleweke vibaya. Siupingi mtihani wenyewe. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi asajiliwe na awe na leseni ndipo afanye kazi, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo lililopewa dhamana hiyo. Mhitimu wa chuo hupimwa na Baraza kabla ya kupewa leseni, na ni haki apimwe. Hatumkabidhi mtu basi la abiria bila leseni, sembuse sindano. Ninachokipinga ni lugha ya upimaji huo.

Huku kwetu Mbweni, namaanisha Mbweni ya Kinondoni, upande wa bahari ukiacha barabara ya Bagamoyo, wala siyo ile ya Unguja, vijana wanaojiandaa kwa mtihani huo huja kwangu jioni kwa sababu niliwahi kufundisha Kiingereza sekondari. Huja na madesa yaliyotolewa fotokopi juu ya fotokopi, hata herufi zimefifia. Ndani mna maswali mengi, kila moja na majibu yake ya kuchagua. Wanayakariri kama watoto wanavyokariri majina ya mito.

Siku moja niliyaweka madesa kando nikawauliza kwa Kiswahili. Mama mwenye mimba ya miezi minane anaumwa kichwa tangu asubuhi, uso umemvimba, na anasema anaona vimulimuli machoni. Mtafanya nini? Jibu lilitoka hata sijamaliza. Apimwe presha sasa hivi, mkojo uangaliwe protini, daktari aitwe, asiachwe peke yake, kwa kuwa hizo ni dalili za hatari na kifafa cha mimba kinaweza kufuata. Kisha nikawasomea swali la namna hiyo hiyo kutoka katika madesa yao, kwa Kiingereza, lenye sentensi ndefu na kikanusho kilichofichwa katikati. Wakatazamana. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, ugonjwa naujua. Swali ndilo silijui."

Ndugu msomaji, hebu yatafakari maneno ya binti huyo. Tunadhani tunapima uuguzi, kumbe kwa sehemu kubwa tunapima Kiingereza. Na hasara ni ya pande mbili. Yupo atakayeshindwa ilhali angeweza kumwokoa yule mama. Yupo pia atakayefaulu kwa sababu ameyakariri madesa vizuri, naye siku mama huyo atakapomwambia kuhusu vimulimuli, hatalihusisha neno hilo na chochote alichosoma. Karatasi yake haikuwahi kuwa na vimulimuli. Kati ya hao wawili, ni yupi ungependa amsimamie binti yako siku ya kujifungua?

Watu husema lugha ni chombo tu, haiui. Inaweza kuua. Nilimwuguza shemeji yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Hakuwa mahututi, lakini pia hakuwa mtu wa kuachwa. Alimwambia muuguzi wa zamu ya mchana kwamba kifua kinambana kana kwamba amekandamizwa na gunia la mchele, na kwamba mkono wa kushoto unaingia ganzi. Faili ilipofunguliwa jioni, maelezo yote hayo yalikuwa yamegeuka maneno mawili ya Kiingereza, ya kusema kwamba anaumwa kifua. Gunia lilipotea. Ganzi ilipotea. Anayeumwa kifua anaweza kuwa na kikohozi, kichomi, kiungulia au msuli uliovutika. Anayebanwa na gunia huku mkono ukifa ganzi ni mtu wa kufikiriwa moyo kwanza. Bahati yake, muuguzi wa usiku hakuridhika na faili. Alikaa kitandani pake akamwuliza upya, "Baba, hebu niambie mwenyewe, unasikiaje?" Swali hilo ndilo lililomponya.

Sikumlaumu yule wa mchana. Hakuna aliyemfundisha kuandika ganzi. Alikuwa na akili ya Kiswahili na kalamu ya Kiingereza, na katika safari fupi kutoka sikioni hadi mkononi nusu ya mgonjwa ilidondoka.

Kule Marekani upo mtihani wa hiari kwa ajili ya wauguzi wanaohudumia wagonjwa wa namna ya shemeji yangu, yaani wa kati, ambao hawastahili chumba cha mahututi lakini wanaweza kubadilika wakati wowote. Hutolewa na chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi cha huko. Una maswali 125 ya kujibiwa kwa saa mbili na nusu, na njia mojawapo ya kuruhusiwa kuufanya ni kuwa umekwisha kuwahudumia wagonjwa hao kwa saa 1,750 katika miaka 2. Tunausifu mtihani kama huo kwa ugumu wake. Lakini tusisahau kwamba muuguzi wa Chicago anaulizwa kwa lugha ile ile anayolalamikia mgonjwa wa Chicago. Akitoka chumba cha mtihani akaingia wodini, maneno ni yale yale. Wa kwetu akitoka chumba cha mtihani anaingia nchi nyingine.

Au mtazame Mjerumani. Ana upungufu wa wauguzi na anawachukua kutoka nchi za mbali. Je, anaigeuza mitihani yake kuwa ya Kiingereza ili wageni waje kwa urahisi? La hasha. Anawataka wajifunze Kijerumani mpaka waweze kuzungumza na mgonjwa. Yeye anamlazimisha mgeni ajifunze lugha ya mgonjwa. Sisi tunamlazimisha mwenyeji aiache mlangoni. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza wataniambia Kiswahili hakina maneno ya tiba. Nawauliza, kiharusi ni neno la wapi? Shinikizo la damu, degedege, pumu, kisukari, upungufu wa damu, homa ya mapafu, kifafa cha mimba, yote hayo yako katika mabango ya kliniki zetu. Oksijeni tumeikaribisha, dripu tumeikaribisha, na majina ya dawa yabaki kama yalivyo, maana hata huko Ulaya majina hayo yanafanana kutoka lugha hadi lugha. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967. Likipewa kazi hiyo pamoja na wauguzi wazoefu, hawatashindwa.

Pili wataniambia Kiingereza ndicho mlango wa ajira za nje. Ni kweli, na anayetaka kwenda nje asome Kiingereza kwa bidii, nami niko tayari kumfundisha bila malipo. Lakini leseni ya Tanzania ni ya kumhudumia Mtanzania. Anayekwenda Uingereza ataonyesha huko huko kwamba anakiweza Kiingereza, kama anayekwenda Ujerumani anavyoonyesha Kijerumani chake. Si haki muuguzi wa zahanati ya Temeke, ambaye hana safari yoyote, apimwe kana kwamba tiketi ya ndege iko mkononi.

Tatu wataniambia kwamba vitabu vyote ni vya Kiingereza. Hiyo ni hoja ya kuandika vitabu, si hoja ya kunyamaza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza elimu ya juu ya msingi itolewe kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikipa tena Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote, na bado sekondari na vyuo vyetu vimeendelea kwa Kiingereza. Tukisubiri vitabu vianguke kutoka mbinguni, wajukuu zetu nao watakuja kusubiri.

Wakati huo huo mahakama, ambazo tulikuwa tukiambiwa haziwezi kabisa kuachana na Kiingereza, zimeonyesha njia. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ingawa mwanya wa kutumia Kiingereza inapobidi uliachwa. Anayeshitakiwa kwa wizi wa kuku ana haki ya kusikilizwa na kuhukumiwa kwa lugha anayoielewa. Mwenye kifua kinachombana amekosa nini?

Ninayoyadai si makubwa. Karatasi ya mtihani iwe na lugha mbili ubavu kwa ubavu, na mtahiniwa achague atakayoisoma. Iwepo sehemu ambayo mtahiniwa anasikilizishwa malalamiko ya mgonjwa, kwa Kiswahili cha watu na si cha kamusi, kisha aeleze ni dalili gani ameisikia na atachukua hatua gani. Na faili la mgonjwa lianze na maneno ya mgonjwa mwenyewe, kama alivyoyasema, kabla mtaalamu hajayatafsiri. Hilo la tatu halihitaji sheria wala fedha. Muuguzi mkuu wa wodi anaweza kuliamuru kesho asubuhi kabla ya raundi.

Vijana wangu wa hapa Mbweni wataendelea kuja na madesa, nami nitaendelea kuwafafanulia, maana mtihani wao hautasubiri mjadala wangu. Nawafundisha Kiingereza cha swali ili wapate leseni. Kisha nawaambia wakiipata wakisahau Kiingereza changu, wasisahau vimulimuli.