Makato Madogo Si Dalali Mzuri

Wateja wetu wa Mnarani wakianza kuulizia hisa, swali la kwanza ni lile lile: dalali gani anakata kidogo? Makato madogo hata sisi twayapenda, lakini swali hilo lingoje kidogo.

Angalia wakubwa. Mfuko wa pensheni ukitaka kuuza hisa milioni 1 za Safaricom, hautafuti wa bei rahisi tu. Wataka dalali atakayeziuza bila kuangusha bei, mwenye utafiti wa maana, na anayelipa kwa wakati. Tena kazi hugawiwa madalali kadhaa.

Na hata hao huumia. NSSF ilipoteza zaidi ya shilingi bilioni 1 kupitia Discount Securities. Nyaga Stockbrokers nayo ilianguka mwaka 2008, wawekezaji wadogo wakabaki kulia.

Kwa hivyo kabla hujatuma hata shilingi 500 kwa simu, hakikisha dalali yumo kwenye orodha ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Ukishanunua, omba taarifa ya akaunti yako kutoka CDSC wenyewe, wanaotunza rekodi za hisa, si picha anayokutumia dalali WhatsApp. Na ukiuza, pesa isilale kwake. Ikiingia tu, ivute.